Gari la Kukodi na Bei Zake Nne

Gari la kukodi Dar es Salaam lina bei nne. Kuna bei ya kwenye tangazo, ambayo kazi yake ni kukufanya upige simu. Kuna bei ya kwenye simu, ambayo kazi yake ni kukufanya uje. Kuna bei ya uso kwa uso, unayotajiwa ukishapanda daladala mbili na jua limeshakuchoma, huna tena nguvu ya kubishana. Ya nne huijui mpaka siku ya kurudisha gari, mwenyewe akilizunguka taratibu, mikono nyuma, anaguna.

Mimi nilikuwa naitafuta ile ya kwanza. Nilitaka kwenda Iringa peke yangu, likizo, kwa gari, nisimame ninapotaka, nile ninapotaka, na nisimwambie mtu "twende basi, tumechelewa". Najua nauli ya basi kwenda na kurudi haifiki hata bei ya mafuta. Sikuhitaji kuambiwa, ingawa niliambiwa na kila mtu, pamoja na muuza genge. Lakini basi halipunguzi mwendo ili wewe umwangalie twiga vizuri. Likisimama, linasimama ili watu wachimbe dawa, na kondakta anakuhesabia dakika ukiwa bado unatafuta kichaka chenye heshima.

Mama yangu alilipokea jambo hili kwa utulivu.

"Unakwenda na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Sawa, nimeelewa. Lakini na nani?"

Nikaona nihamie kwenye suala la gari, maana hilo angalau lina majibu.

Dalali wa kwanza alinitumia picha ya Passo nyekundu. "Dada, hii haili mafuta," akaandika, "hii inanusa tu." Ni kweli Passo ndogo ina injini ya cc 1000 na silinda tatu, na mtu anayebana matumizi akisikia gari linanusa mafuta, moyo unamlainika. Nikampigia mjomba wangu, aliyewahi kuendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Mlima Kitonga utaipandisha na nani akisukuma?" Passo ikafa pale pale.

Dalali wa pili alikuwa na Prado. Bei yake ya siku moja ingenilipia kodi ya chumba changu kwa mwezi mzima, na lilikuwa halitoki bila dereva. Kwa hiyo ningelipa fedha zote hizo, pamoja na chakula na malazi ya dereva, ili nikae nyuma nikitazama kisogo cha mtu mpaka Iringa.

Ikaja Noah. Noah ni gari zuri, lina nafasi, na hapo ndipo penye tatizo. Ukikodi gari la watu wanane, ukoo ukapata habari kwamba unakwenda Iringa na viti viko wazi, huendi peke yako tena. Shangazi ana mzigo wa kupeleka Ifunda. Binamu anataka lifti mpaka Mikumi. Mtoto wa jirani ameripoti shule Mafinga wiki iliyopita na godoro lake bado liko Mbagala. Nilimwambia dalali aifute ile picha kabla mtu hajaiona kwenye simu yangu.

Probox ilinivutia kwa sababu ni ngumu na haidekezwi. Lakini Probox ikitoka mjini, kila anayesubiri usafiri barabarani anaipungia mkono akidhani ni mchomoko. Usiposimama, unatukanwa. Ukisimama, umeshakuwa mchomoko kweli, na trafiki aliye mbele atakuuliza kibali.

Zikabaki mbili: Rav4, ile wanayoiita Kilitime, na Toyota IST. Hapa nikachukua kalamu, kwa sababu mapenzi ya gari ukiyaacha bila kalamu yanakufilisi. Dar mpaka Iringa ni karibu kilomita 500, kwenda na kurudi 1,000, bila mizunguko ya huko huko. Petroli wakati ule ilikuwa inacheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita, na EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nilipanga kuondoka kabla Jumatano haijanikuta. Rav4 ikitembea kilomita 10 kwa lita, inataka lita 100, yaani shilingi 300,000. IST ikitembea kilomita 14 kwa lita, inataka lita 72 hivi, yaani shilingi 216,000. Tofauti ni kama 84,000 kwa mafuta peke yake, achilia mbali kwamba Rav4 yenyewe ilikodishwa kwa elfu 40 zaidi kila siku. Rav4 ikaenda zake.

Wenye magari makubwa wanaiita IST bebiwoka. Waache waite. Iliingia sokoni Japani mwaka 2002 ikiwa na injini za aina mbili, cc 1300 na cc 1500, na tangu meli zilipoanza kuileta, imejaa Dar kiasi kwamba ukiegesha yako sokoni unaweza kurudi ukajaribu kufungua milango ya wenzako wanne. Mjomba akanipa sharti moja: "Chukua ya 1500. Ya 1300 ikifika Kitonga inaanza kusali."

IST ya bei ndogo kuliko zote ilikuwa shilingi 50,000 kwa siku. Dalali wake alikuwa mtu wa maneno matamu, akiniita bosi tangu sentensi ya kwanza. Nikamwomba picha ya kadi ya gari na ya bima. Akasema anatuma sasa hivi. Nikampigia jioni, hapatikani. Nikampigia asubuhi, anapatikana lakini hapokei. Mchana akanitumia ujumbe: "Bosi gari ipo tayari tuma advansi." Kadi haikuja, bima haikuja, na mimi sikwenda.

IST niliyoipata ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu wa Tabata. Kwenye tangazo ilikuwa 60,000. Kwenye simu ikawa 70,000, kwa sababu 60,000 ni ya kuanzia wiki mbili. Uso kwa uso ikawa 90,000, kwa sababu 70,000 ni ya ndani ya Dar, na Iringa ni mkoani. Kilomita 150 kwa siku ni bure, zinazozidi zinalipiwa. Tukabishana juu ya hizo kilomita mpaka mke wake akaleta chai, kwa huruma. Nilipata unafuu: kilomita bila kikomo, bei ikabaki 90,000, na mimi nikakubali amana ya 200,000.

Kisha akanihoji. Nimeomba mkopo benki nikaulizwa maswali machache kuliko yale. Leseni. Namba ya NIDA. Mdhamini. Mdhamini wa mdhamini. Naishi wapi, nafanya kazi wapi, nimeendesha nje ya Dar lini, na kwa nini binti kama mimi naenda Iringa peke yangu.

"Nakwenda kutembea, baba."

"Na nani?"

Nikajua huyu na mama yangu wangeelewana.

Akanisomea masharti kwa sauti, kidole kikifuata mstari: usivute sigara ndani, usibebe mkaa, usibebe samaki, usibebe mbuzi. Vitunguu hakuvitaja. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Tulipotoka kulikagua gari, nilitoa simu nikaanza kupiga picha kila mkwaruzo. Wengine hukasirika ukifanya hivyo. Mzee alifurahi, akaanza kunitambulisha. "Huu ni wa bwana harusi, aligonga geti la ukumbini. Huu ni wa mchungaji, alirudi nyuma bila kuangalia. Huu hapa ni wangu mwenyewe, tuuache." Nikachuchumaa kwenye matairi. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matatu yalikuwa vijana. La nyuma kushoto liliandikwa 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011, kwa hiyo lilizaliwa mimi nikiwa sekondari. Nilimwonyesha mzee. Aliliangalia kwa muda, kwa heshima, kisha siku ya kuondoka nikakuta limebadilishwa. Spea taya ilikuwa ile nyembamba ya dharura, imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, lakini ilikuwa na upepo. Jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, pembetatu zipo, mtungi wa kuzimia moto upo na haujapitwa na tarehe. Bima niliihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA: bima kubwa, na ya biashara. Hilo la biashara usilipuuze. Gari lenye bima ya matumizi binafsi likikodishwa, siku ya ajali kampuni ya bima inapata sababu nzuri sana ya kukugeuzia kisogo.

Mafuta yalikuwa yamebaki ya kunifikisha sheli. Hilo ni sawa kwa kila gari la kukodi. Nadhani wenye magari wana kipimo chao, wanajua kijiko kwa kijiko.

Nikaondoka alfajiri. Nilipowasha gari, mwanamke akanisemesha kwa Kijapani.

Nilijua ni kifaa tu, lakini saa kumi na moja alfajiri, peke yako, giza, sauti ya mwanamke mpole kutoka kwenye dashibodi haikufai. Nikampigia mzee. "Huyo? Huyo anadai kadi ya kulipia barabara za kwao," akasema. "Tangu gari lishuke bandarini anadai. Hakuna aliyewahi kumlipa. Mzoee tu." Na kweli, kila nilipowasha gari, alidai. Redio nayo ilikuwa ya huko huko. Redio za Japani za zamani huishia masafa ya 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, kwa hiyo nilikuwa na stesheni mbili mpaka Kibaha, moja mpaka Mlandizi, na baada ya hapo mvumo. Nilibaki na yule mama wa Kijapani na deni lake.

Lakini usidhani nilikuwa mpweke. Gari lilikuwa na kifaa cha kulifuatilia, na mzee alikuwa analitazama kwenye simu yake huko Tabata, naamini bila kupepesa. Kupokea simu ukiendesha ni kosa, kwa hiyo kila alipopiga nilitafuta mahali pa usalama nikasimama. Na kila niliposimama, alipiga kuuliza kwa nini nimesimama.

"Binti, naona umesimama."

"Nimesimama nikupokelee simu, baba."

"Aha. Basi endelea."

Naendelea. Baada ya kitambo, napunguza mwendo, naingia pembeni.

"Binti, umesimama tena."

"Nachimba dawa, baba."

Kimya kirefu. "Sawa. Usikae sana."

Karibu na Chalinze, trafiki akanipiga mkono. Nilikuwa na uhakika sikuzidisha mwendo, kwa sababu barabara ile ina vibao vya 50 kila penye nyumba mbili na mwembe, na tochi hupenda kukaa pale ambapo kibao kimeishia kwenye majani. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, na mimi bajeti yangu haikuwa na fungu hilo. Nikashusha kioo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Uko na nani?"

Nilijibu. Akaangalia kiti cha nyuma kuhakikisha. Kisha akaingiza namba ya gari kwenye mashine yake, mashine ikafikiri, akasema, "Gari hii inadaiwa."

"Afande, nimeikodi leo asubuhi."

"Gari haijui nani kaikodi."

Hoja ile haina jibu. Deni lilikuwa la wiki iliyopita, la mteja aliyetangulia, mwendo kasi Morogoro. Kabla sijatafuta namba ya mzee, simu ikaita. Ni yeye. Naona umesimama. Nikampa afande simu, wakaongea kwa adabu, wakatajiana namba ya malipo, na kabla sijamaliza andazi langu deni lilikuwa limelipwa. Afande akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Mzee wako anakufuatilia vizuri," akasema. Sikumrekebisha.

Kwa anayebana matumizi, Mikumi ni zawadi. Barabara kuu inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, na anayepita haulizwi kiingilio. Swala wapo, nyani wapo wamekaa kando wanahesabu magari, na twiga nilimwona, karibu, bila kulipa. Kuna bango linaloorodhesha faini ya kumgonga kila mnyama, kwa dola. Twiga ni dola 15,000. Nilipiga hesabu: twiga mmoja ni zaidi ya IST mbili kama ile niliyopanda. Nilipita nikiwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, mwendo wa harusi, nyuma yangu basi likipiga honi kwa uchungu. Mzee alipiga simu nilipotoka upande wa pili tu. "Hujagonga kitu?" Nikamwambia sijagonga. Nikamsikia akimwambia mkewe, "Hajagonga."

Ruaha Mbuyuni kuna joto, mibuyu, na vitunguu vimepangwa kwenye nyavu kando ya barabara mpaka macho yanachoka. Nilijizuia, nikasema nitanunua nikirudi. Mbele yake kuna Kitonga.

Mlima Kitonga ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu. Malori ya Zambia na Congo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetafakari, na wewe unafuata nyuma yake, huwezi kupita, huwezi kusimama. Nilizima kiyoyozi, nikashusha gia, nikafungua vioo. IST ilijitahidi. Haikusali, mjomba alikuwa sahihi. Lakini katikati ya mlima taa nyekundu ya joto ikawaka, na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti.

Nikapata kijisehemu cha kuegesha. Kabla sijashuka, utingo wa lori lililokuwa nyuma yangu alikuwa ameshaweka jiwe nyuma ya gurudumu na matawi barabarani, bila kuombwa, bila hata kunisalimia. Nikatoa pembetatu. Simu ikaita.

"Binti, umesimama Kitonga."

"Gari limechemka, baba."

"Usifungue mfuniko wa rejeta!" Nilimsikia akisimama kutoka kwenye kiti. "Usiuguse. Washa switchi. Feni ya rejeta inazunguka?"

Nikawasha. Mama wa Kijapani akadai kadi yake. Feni haikuzunguka.

"Ni fyuzi," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayemfahamu mgonjwa wake. "Fungua droo ya mbele, chini ya kitabu cha gari kuna karatasi nimeikunja. Ndani kuna fyuzi ya akiba. Ilishamfanyia hivi mchungaji."

Karatasi ilikuwepo. Fyuzi ilikuwepo. Dereva wa lori, mtu wa makamo aliyeniita mwanangu, akafungua kisanduku cha fyuzi, akaitoa iliyoungua kwa ncha za kucha, akaweka mpya. Feni ikalia. Tukasubiri injini ipoe kabisa ndipo tukaongeza maji. Dereva akaniuliza nipo na nani. Nikamwonyesha simu, mzee bado yuko hewani anataka kujua kama feni inazunguka kwa nguvu au kwa unyonge. Mzee akamtumia yule dereva hela ya soda hapo hapo kwa simu, akamshukuru, nao wakagundua kwamba wote wawili wamewahi kuishi Makambako. Nilikaa juu ya jiwe nikala ndizi mpaka wamalize.

Iringa ni baridi, iko juu ya kilima, na kutoka Ipogolo unapanda tena, lakini fyuzi mpya ina heshima. Nilikwenda Isimila, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya, korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ambako wataalamu walichimba mwaka 1957 na 1958 wakakuta zana za watu wa Zama za Mawe. Nilikwenda Kalenga, kwenye jumba la makumbusho lenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Hifadhi ya Ruaha sikwenda, kwa sababu barabara yake si ya IST, na kwa sababu nilipogeuza tu gari kuelekea upande ule kutafuta chipsi, simu iliita.

Wakati wa kurudi ukafika, na ukoo ukaamka. Mama alitaka vitunguu. Shangazi alitaka vitunguu na nyanya za Ilula. Jirani, ambaye godoro la mwanawe nilikataa kulibeba, alitaka vitunguu na alitaka nikumbuke kwamba hana kinyongo. Ruaha Mbuyuni wanauza kwa bei ambayo ukiikataa utajilaumu mpaka Krismasi. Buti likajaa, kiti cha nyuma kikajaa, na wavu mmoja ukakaa mbele pembeni yangu umefungwa mkanda, kwa sababu bila mkanda gari lilikuwa linalia. Safari ya peke yangu, lakini mbele kulikuwa na abiria. Trafiki aliyenisimamisha Mikumi alichungulia, akaona kitunguu kimefunga mkanda, akaniruhusu niende bila neno.

Tabata, mzee alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, anaguna. Mikwaruzo ilikuwa ile ile, tuliihakiki kwa picha, bwana harusi, mchungaji, wake mwenyewe. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akakitoa haraka.

"Umebeba nini?"

"Vitunguu, baba. Mkataba unasema mkaa, samaki na mbuzi."

Akausoma upya mkataba, kidole kikifuata mstari. Akaingia ndani, akarudi na kalamu, akaongeza neno "vitunguu" kwa maandishi ya mwalimu wa zamani, akaweka sahihi na tarehe. Nikampa ndoo ya vitunguu kwa heshima. Akaipokea, akashukuru, akamwita mkewe aione, kisha akakata elfu ishirini za usafi kwenye amana. Hiyo ndiyo bei ya nne.

Nimepiga hesabu upya nyumbani, na hukumu yangu ni hii. Tofauti ya bei ya siku kati ya IST ya yule dalali mtamu na ile ya mzee ilikuwa elfu arobaini. Elfu arobaini hizo zilininunulia tairi jipya, bima inayolipa, deni lililofutwa kando ya barabara, fyuzi iliyofungwa kwenye karatasi, na mtu aliyepokea simu. Tena nasema vibaya: aliyepiga yeye. Gari lolote litakuharibikia, la bei ndogo na la bei kubwa. Kinachotofautisha ni nani yupo upande wa pili wa simu likishaharibika, na hilo halimo kwenye picha ya tangazo.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ya peke yako na mfuko mwembamba, fanya hesabu ya kilomita na lita kabla ya kupenda rangi. Uliza bei ya mkoani, usiulize bei. Soma tarakimu nne za tairi. Angalia kwa namba ya gari kama linadaiwa faini, na bima yake ni ya nini. Kitonga ukipanda zima kiyoyozi, ukishuka tumia gia ndogo usikalie breki. Na kabla hujatoa hata shilingi ya advansi, mpigie mwenye gari saa nne usiku umuulize jambo la kijinga, kwa mfano redio inashika stesheni gani. Asipopokea, achana na gari hilo hata kama ni la bure. Akipokea, akakujibu, halafu akakuuliza unakwenda na nani, lipa amana, chukua funguo.

Vitunguu vinunue. Lakini soma mkataba kwanza, maana huyo mzee ameshaurekebisha.